Nani Anampigia Makofi Rupert Pupkin?

*Filamu mbili za Martin Scorsese zilimalizika bila kumwambia mtazamaji kama alichokiona ni kweli au ndoto. Katikati ya filamu hizo, kijana aliyempenda staa asiyemjua alifyatua risasi sita mjini Washington.*

LOS ANGELES, Machi 31, 1981. Johnny Carson, mfalme wa vipindi vya usiku katika televisheni ya Marekani, anapanda jukwaa la ukumbi wa Dorothy Chandler Pavilion kuongoza sherehe za tuzo za Oscar. Sherehe ilikuwa ifanyike jana yake. Imeahirishwa kwa siku moja kwa sababu Rais Ronald Reagan yuko hospitalini Washington, ametolewa risasi iliyokwama kwenye pafu.

Reagan alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwanasiasa, na salamu zake kwa wenzake wa zamani zilirekodiwa kabla ya shambulio. Zinaonyeshwa vilevile. Watu waliovalia suti na magauni ya usiku wanamtazama kwenye skrini rais mwenye afya tele akizungumza nao, huku wakijua kwamba saa hiyo hiyo amelala kitandani akiuguza jeraha.

Baadaye anaitwa Robert De Niro kupokea tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Raging Bull, iliyoongozwa na Martin Scorsese. Kufikia usiku huo wapelelezi wamekwisha kukuta, katika chumba cha hoteli cha mshambuliaji, barua aliyomwandikia Jodie Foster, mwigizaji wa miaka 18. Mshambuliaji ni John Hinckley Mdogo, kijana wa miaka 25. Alimjua Foster kupitia Taxi Driver, filamu ya mwaka 1976 iliyoongozwa na Scorsese huyo huyo, De Niro akiwa dereva wa teksi. Hinckley aliitazama tena na tena, akavaa koti la jeshi kama la dereva yule, akanunua bastola kama alivyofanya yeye.

Carson naye ameingia katika mkasa huu kwa mlango mwingine. Ndiye aliyetakiwa kwanza kwa filamu iliyofuata ya Scorsese na De Niro: habari za mtangazaji wa kipindi cha usiku anayetekwa na shabiki wake. Alikataa. Filamu ilianza kupigwa New York mwezi Juni mwaka huohuo, na nafasi yake akaichukua mchekeshaji Jerry Lewis.

Filamu hiyo, The King of Comedy, inamalizika kama Taxi Driver ilivyomalizika. Mtu aliyetenda uhalifu anashangiliwa, kisha picha inakatika bila kusema kama shangwe zile zilipigwa kweli au zilikuwa kichwani mwake. Wapenzi wa sinema wamebishana juu ya miisho hiyo miwili kwa zaidi ya miaka 40. Wengi huigeuza kuwa kitendawili cha kuteguliwa, na kwa kufanya hivyo huliacha jambo lenyewe: umaarufu wa mtu hutengenezwa na nani, na kwa kazi gani.

Dereva asiyelala

Paul Schrader aliandika rasimu ya kwanza ya Taxi Driver mwaka 1972. Mwezi Mei mwaka huo, katika kituo cha maduka huko Laurel, jimbo la Maryland, kijana aitwaye Arthur Bremer alimpiga risasi Gavana George Wallace wa Alabama, aliyekuwa akigombea urais. Wallace alipooza miguu hadi mwisho wa maisha yake. Shajara ya Bremer ilipochapishwa mwaka uliofuata, ilionekana kwamba kwanza alikuwa amemfuatafuata Rais Richard Nixon, na kwamba siasa haikuwa shida yake. Alitaka ajulikane.

Travis Bickle, dereva aliyetungwa na Schrader, ni askari wa zamani anayeendesha teksi usiku kwa sababu hapati usingizi. Anampenda Betsy, msichana anayefanya kazi katika kampeni ya Seneta Palantine. Betsy anamkataa. Travis ananunua silaha, ananyoa nywele kiduku, anaenda kwenye mkutano wa hadhara akikusudia kumuua Palantine. Walinzi wanamshtukia, anakimbia. Usiku huo anaenda kwenye danguro anamotumikishwa Iris, mtoto wa miaka 12 na ushei aliyechezwa na Foster, na anaua wanaume watatu.

Kwa hiyo mtu aliyetoka nyumbani kwenda kumuua mgombea urais analala akiwa mkombozi wa mtoto. Kilichobadilika kati ya asubuhi na usiku ni nani aliyekuwa mbele ya mtutu.

Baada ya mauaji kamera inapanda darini na kupita polepole juu ya maiti na damu. Rangi za sehemu hiyo zilififishwa makusudi ili bodi ya kupanga madaraja ya filamu isiipangie daraja la watu wazima pekee. Woga wa wakaguzi ukaizalia filamu kitu ambacho pengine mwongozaji asingekipata kwa hiari: damu ya rangi ya kahawia, chumba kinachofanana na picha ya zamani, kila kitu kama kimeshakuwa kumbukumbu.

Kisha tunaona vipande vya magazeti ukutani vikimsifu Travis. Tunasikia barua ya wazazi wa Iris wakimshukuru. Betsy anapanda teksi yake, safari hii akimtazama kwa heshima. Anashuka, Travis anaondoa gari, anatupa jicho la ghafla kwenye kioo kama aliyeona kitu, na filamu inakwisha.

Je, Travis alikufa pale kwenye kochi la danguro, na haya yote ni ndoto ya mtu anayekata roho? Wako wanaoamini hivyo, na Scorsese hakuwafungia mlango. Schrader anapinga. Kwake yeye Travis yu hai na hajapona, na picha ya mwisho ingeweza kuunganishwa na ya kwanza, mzunguko uanze upya. Filamu ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1976 ikiwa na mwisho huo huo uliowagawa watengenezaji wake.

> Kilichobadilika kati ya asubuhi na usiku ni nani aliyekuwa mbele ya mtutu.

Miaka kumi nyuma filamu kama hiyo isingeruhusiwa. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifuata kanuni zilizodai kwamba uhalifu usionekane unalipa. Ilikuwa sheria ambayo mtazamaji wa kibanda umiza cha Manzese angeitambua mara moja: stelingi hafi, na adui lazima alipe. Mwaka 1956 filamu ya The Bad Seed ilitengenezwa kutokana na mchezo wa jukwaani ambamo mtoto muuaji anabaki hai na hakuna anayemshuku. Kwenye filamu alishushiwa radi, ikamuua.

Aliyeuona mwisho kama ahadi

Mwaka 1980 Jodie Foster aliacha uigizaji kwa muda na kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven. Hinckley alimfuata. Alipenyeza barua na mashairi chini ya mlango wake, alimpigia simu na kurekodi mazungumzo. Foster alimwambia waziwazi kwamba hataki. Katika miezi hiyo hiyo Hinckley alianza kumwandama Rais Jimmy Carter, na Oktoba mwaka huo alikamatwa na bastola uwanja wa ndege wa Nashville. Alitozwa faini akaachiwa.

Mchana wa Machi 30, 1981, nje ya hoteli ya Washington Hilton, alifyatua risasi sita kwa muda usiofika sekunde mbili. Msemaji wa Ikulu James Brady alipigwa kichwani na akaishi na ulemavu hadi alipofariki mwaka 2014. Polisi mmoja na mlinzi mmoja wa rais walijeruhiwa. Risasi iliyompata Reagan iligonga kwanza ubavu wa gari lake lisilopenya risasi, ikadunda.

Katika barua aliyoiacha hotelini Hinckley alimweleza Foster kwamba anafanya hivyo ili amtambue. Amwone, kama Betsy alivyomtazama Travis ndani ya teksi.

Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1982, jopo la juri lilionyeshwa Taxi Driver kama sehemu ya ushahidi. Upande wa utetezi ulisema mteja wao alikuwa amezama ndani ya filamu kiasi cha kutojua mpaka wake. Waendesha mashtaka walisema alipanga kila hatua na alijua alichokifanya. Juni 21 juri liliamua kwamba hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, naye akapelekwa hospitali ya St. Elizabeths. Wamarekani wengi walikasirika, na mwaka 1984 Bunge lao lilibana sheria kiasi kwamba mshtakiwa katika kesi za shirikisho ndiye anayetakiwa kuthibitisha ugonjwa wake.

Foster, ambaye kosa lake lilikuwa kuigiza vizuri alipokuwa mtoto, aliandika makala katika jarida la Esquire Desemba 1982 kueleza jinsi wapiga picha walivyovamia chuo na jinsi maisha yake ya uanafunzi yalivyogeuzwa maonyesho. Tangu hapo amekuwa akikwepa kulizungumzia jambo hilo hadharani. Ana haki hiyo.

Wakosoaji wa Taxi Driver walipata hoja nzito. Walisema filamu inayomaliza kwa kumpa muuaji barua ya shukrani na jicho la huruma la mwanamke, bila hata kusema kama ni ndoto, imeacha bunduki mezani. Watetezi wakajibu kwamba mamilioni waliitazama na kurudi nyumbani wakiwa na huzuni, si hasira.

Hoja ya pili ni ya kweli lakini haitoshi. Jambo la kuangalia ni namna Hinckley alivyousoma mwisho ule. Hakubaki na mashaka wala kujiuliza maswali. Alichukua mwisho wenye sura mbili akafuta moja, na iliyobaki akaifanya ahadi aliyopewa yeye binafsi. Utata wa filamu haukumpotosha, hakuuona kabisa.

Rafiki asiyekujua

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walichapisha utafiti kuhusu uhusiano ambao mtazamaji hujenga na mtu wa kwenye televisheni. Walivutiwa hasa na watangazaji wa vipindi vya mazungumzo. Mtangazaji hutazama kamera moja kwa moja, husema kana kwamba anaongea na mtu mmoja sebuleni, huja usiku uleule wa kila juma, hucheka, huaga. Mtazamaji huzoea, na baada ya miaka anamjua kama ndugu. Mtangazaji hamjui kabisa.

Paul D. Zimmerman, mhakiki wa filamu wa jarida la Newsweek, aliliona jambo hilo kwa macho yake mwenyewe. Mbegu ya skripti ya The King of Comedy aliipata kwenye kipindi cha televisheni kilichowahoji wawinda saini za mastaa, na kwenye makala ya jarida iliyomhusu mtu aliyeandika shajara ya kila kipindi cha Johnny Carson, akitoa alama na maoni kana kwamba ni kazi ya ofisini.

Ndivyo alivyozaliwa Rupert Pupkin. Ana miaka 34, anaishi na mama yake, na chini ya nyumba amejijengea seti ya kipindi cha televisheni yenye sanamu za kadibodi za Liza Minnelli na Jerry Langford, mtangazaji anayemhusudu. Mama anamfokea kutoka juu apunguze kelele. Sauti ya mama ni ya Catherine Scorsese, mama mzazi wa mwongozaji. Katika sehemu moja Rupert anasimama mbele ya picha kubwa ya ukutani ya hadhira inayocheka, anawachekesha watu wa karatasi, na kicheko tunakisikia.

Mwenzake ni Masha, binti wa kitajiri aliyechezwa na Sandra Bernhard, ambaye amemfumia Langford sweta. Rupert anataka kuwa Langford. Masha anataka kuwa naye. Wanamteka kwa bastola bandia, wanamfunga kwenye kiti kwa utepe wa gundi, na Rupert anatoa sharti moja: apewe dakika zake za kuchekesha kwenye kipindi cha usiku huo, la sivyo Langford atakufa.

Ujuzi wa Jerry Lewis uliipa filamu uzito ambao huenda Carson asingeutoa. Yeye na Dean Martin walikuwa wameshangiliwa na umati barabarani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Sehemu inayoumiza kuliko zote ilitoka kwenye maisha yake. Langford anatembea mjini, mwanamke mzee aliye kwenye simu ya barabarani anamwomba saini, anamsifu, anaipata. Kisha anamtaka azungumze na ndugu yake kwenye simu. Langford anaomba radhi kwa upole kwamba ana haraka. Palepale mwanamke anamwombea apate saratani.

Mapenzi yaligeuka laana ndani ya pumzi moja. Lewis aliwaeleza wenzake kwamba kisa hicho kilimtokea kweli.

> Langford anaomba radhi kwa upole kwamba ana haraka. Palepale mwanamke anamwombea apate saratani.

Mchana wa Machi, Los Angeles

Filamu ilipokuwa imekwisha kupigwa lakini haijatoka, mkasa ulibisha hodi tena. Machi 15, 1982, Theresa Saldana, aliyecheza kama shemeji wa bondia katika Raging Bull, alichomwa kisu mara kumi nje ya nyumba yake mchana kweupe. Mpeleka maji ya chupa aliyekuwa akipita alimrukia mshambuliaji na kumwokoa.

Mshambuliaji, Arthur Jackson, alikuwa ametoka Scotland kwa ajili hiyo. Alipata namba ya simu ya mama yake Saldana kwa kutumia mpelelezi wa kulipwa. Kisha alimpigia mama huyo, akajitambulisha kuwa msaidizi wa Martin Scorsese, akasema bosi wake anamtafuta Theresa kwa nafasi ya filamu Ulaya. Mama yupi asingefurahi? Akampa anwani.

Saldana alipona, akaanzisha chama cha kuwasaidia waathirika wa uhalifu, na mwaka 1984 alijiigiza mwenyewe katika filamu ya televisheni kuhusu shambulio lile.

Mwaka 1989 mshambuliaji mwingine alitumia njia kama hiyo. Robert Bardo alimlipa mpelelezi binafsi, aliyepata anwani ya Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa miaka 21, kutoka idara ya leseni za magari ya California. Julai 18 alibonyeza kengele ya mlango wa Schaeffer na kumuua. Mwaka uliofuata California ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria inayolifanya kosa la jinai tendo la kumwandama mtu, na mengine yakaiga ndani ya miaka michache. Mwaka 1994 Bunge lilizuia idara za leseni kutoa anwani za madereva ovyo.

Ukifuata mtiririko wa mikasa hii, unaona mahali ambapo maisha yangeweza kuokolewa: kaunta ya leseni, simu ya mpelelezi, faini ya Nashville. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hawa ambaye angelindwa na filamu yenye mwisho mnyoofu. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu kila mara damu inapomwagika ni rahisi zaidi kuidai filamu kuliko kuidai ofisi.

Ndoto au kweli?

The King of Comedy iligharimu karibu dola milioni 20. Ilipoonyeshwa Marekani kuanzia Februari 1983 iliingiza kama dola milioni 2.5. Watu walitoka ukumbini wakiona aibu wasiyojua ni ya nani. Uingereza ilimpa Zimmerman tuzo ya BAFTA ya skripti bora. Nyumbani iliondolewa kwenye kumbi mapema.

Mwisho wake unaenda hivi. Rupert anafanya vichekesho vyake kwenye televisheni, na watu wanacheka. Anawaambia wazi kwamba Langford amefungwa mahali, wanacheka zaidi. Anakamatwa. Sauti ya habari inatangaza kwamba amehukumiwa miaka sita, ametumikia miwili na miezi tisa, ameandika kumbukumbu zake gerezani, zimeuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Uso wake uko kwenye majarida. Kisha taa za jukwaa zinawaka, Rupert anatokea na suti nyekundu, na mtangazaji analitaja jina lake, analirudia, analirudia tena. Makofi hayaishi. Rupert anatabasamu, hasemi neno. Kwisha.

Wanaosema ni ndoto wana ushahidi. Mara kadhaa filamu imeshatuonyesha njozi za Rupert bila ishara yoyote ya kuzitenga: Langford akimsihi amshikie kipindi, mwalimu mkuu wake wa zamani akimfungisha ndoa hewani na kumwomba radhi. Scorsese ameeleza kwamba alijifunza hilo kwa mwongozaji Mwingereza Michael Powell, aliyepiga njozi kwa uhalisia uleule wa mambo ya kweli. Mtazamaji aliyelaghaiwa mara mbili ana haki ya kushuku mara ya tatu.

Kuna hoja nyingine isiyosemwa mara nyingi, nayo ni ya kisheria. Mwaka 1977, baada ya David Berkowitz kukamatwa kwa mauaji ya mfululizo na wachapishaji kuanza kuitamani hadithi yake, jimbo la New York lilitunga sheria ya kuzuia wahalifu kuvuna fedha kwa kusimulia uhalifu wao. Malipo yalitakiwa kukabidhiwa bodi ya waathirika na kushikiliwa kwa miaka mitano. Rupert alimteka Langford New York. Milioni yake isingemfikia kirahisi hivyo.

Sheria ile ilivunjwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Desemba 1991, katika kesi iliyohusu malipo ya mhalifu Henry Hill kwa kitabu cha Wiseguy. Kitabu hicho ndicho Scorsese alichokigeuza kuwa Goodfellas mwaka 1990.

Wanaosema ni kweli wanaonyesha kwamba Marekani haikuhitaji kuota. G. Gordon Liddy, mmoja wa wapangaji wa uvunjaji wa ofisi za Watergate, alitoka gerezani mwaka 1977, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1980, zikauzika sana, akazunguka nchi akilipwa kwa hotuba. Baadaye aliigiza kwenye tamthilia za televisheni. Sheria ingeweza kuzuia hundi. Isingewazuia wasomaji kupanga foleni.

Jerry Lewis hakuupenda mwisho huo. Alishauri Rupert amuue Langford, na hadi uzeeni alishikilia kwamba filamu ni nzuri lakini haina tamati. Lewis alikuwa mtu wa jukwaani, alijua hadhira inavyotaka kufungiwa hesabu. Ila mwisho wake ungemwachia kila mtu nafasi ya kutoroka. Rupert angekuwa kichaa muuaji, sisi tungekuwa mashahidi, na wanahabari wangepata habari.

Majibu mengine mawili nayo yana mlango wa nyuma. Ikiwa ni ndoto, hadhira haina kosa, kwa kuwa haikuwepo. Ikiwa ni kweli, basi Rupert ameshinda tu, na mshindi hupigiwa makofi. Scorsese aliiziba milango yote. Katika picha ya mwisho hatuioni hadhira. Kamera iko upande wa viti, ikimsogelea Rupert taratibu, na makofi yanatoka huku tulikoketi.

> Katika picha ya mwisho hatuioni hadhira. Makofi yanatoka huku tulikoketi.

Suti nyekundu yarudi

Mwaka 2019 mwongozaji Todd Phillips alitoa Joker, filamu iliyochukua mengi kutoka kwa Travis na Rupert bila kuficha. Joaquin Phoenix anacheza mchekeshaji asiyechekesha, anayeishi na mama yake na kumhusudu mtangazaji wa usiku. Mtangazaji huyo anachezwa na De Niro, sasa akiwa upande wa pili wa meza. Safari hii mchekeshaji anavaa suti nyekundu na kumpiga risasi mtangazaji hewani. Umati unamshangilia, kisha tunamkuta hospitali ya wagonjwa wa akili akicheka peke yake, na hatujui ni kiasi gani cha tulichokiona kilitokea.

Ubishi wa 1981 ulirudi karibu neno kwa neno. Ndugu wa waliouawa katika ukumbi wa sinema wa Aurora, Colorado, mwezi Julai 2012, walipopoteza maisha watu 12, waliiandikia studio ya Warner Bros. wakieleza wasiwasi wao na kuitaka iunge mkono udhibiti wa silaha. Ukumbi ule haukuionyesha filamu hiyo. Kwingineko iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Aibu iliyofukuza watazamaji mwaka 1983 ilikuwa imepungua njiani.

Naye Mark David Chapman, aliyemuua mwanamuziki John Lennon Desemba 8, 1980 saa chache baada ya kupata saini yake kwenye santuri, amekuwa akifika mbele ya bodi ya msamaha na kueleza kwamba alitafuta utukufu. Kila mara ombi lake hukataliwa, na kila mara jina lake hurudi magazetini.

Hinckley aliruhusiwa kuondoka hospitalini mwaka 2016 kwa masharti. Alianza kuandika nyimbo na kupiga gitaa kwenye mtandao wa YouTube, akapata wafuasi kwa maelfu. Juni 2022 mahakama ilimfutia masharti yaliyobaki, naye katika mahojiano ya televisheni aliomba radhi kwa familia ya Reagan, kwa familia ya Brady na kwa Foster.

Kabla ya hapo alikuwa ametangaza tamasha lake la kwanza la muziki, lifanyike Julai 8 katika ukumbi wa Market Hotel, Brooklyn, New York, jiji lilelile Travis alikoendesha teksi na Rupert alikomteka Langford. Alisema tiketi zote zimenunuliwa. Katikati ya Juni wenye ukumbi walilifuta, wakitaja usalama wa watu wao.